Waliyaoga maji bila kuyavulia nguo

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Lakini shuka kutoka Kiembeni siku ya Idi au Krismasi hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, uone wanaoyaoga bila kuyavulia chochote. Mama ameingia na dera na leso kifuani, mzee amekunja suruali magotini, watoto wanang'ang'ania mipira ya kukodi. Na kando hakosi kijana mwenye simu anayewapiga picha akicheka, eti hawajui kuoga kisasa.

Kijana huyo na ajue Wazungu wenyewe walivyooga zamani.

Huko Uingereza uko mji uitwao Bath. Chemchemi yake hutoa zaidi ya lita milioni 1 za maji moto kila siku, yenye joto la nyuzi 46 hivi. Wagonjwa wa jongo na baridi yabisi walifurika huko kutafuta nafuu, wanaume kwa wanawake katika birika moja, huku watu wakiwatazama kutoka juu. Mwishoni mwa karne ya 17, mwandishi Celia Fiennes aliwakuta wanawake wamevaa kanzu pana za turubai la manjano. Maji yalipoingia, kanzu ilifura na umbo la mtu lisionekane. Mwaka 1737 baraza la mji likapiga marufuku mwanamume yeyote aliyepita miaka 10 kuoga bila suruali na kizibao.

Mwaka 1798 mchoraji Thomas Rowlandson akatoa picha 12 za kejeli, "The Comforts of Bath", yaani Raha za Bath. Utawaona waogaji wamezama hadi shingoni, wakipiga soga kana kwamba wako barazani. Utamwona mzee mnene mwenye jongo, aliyekuja kutibiwa, akijishindilia mapochopocho mezani. Hapo kejeli inachoma, kwa maana inaupiga ulafi. Lakini katika picha nyingine wagonjwa wanabiringika mteremkoni na magongo yao. Kumcheka mlemavu aliyeanguka, je, ni ucheshi huo?

Hata Pwani yetu sitara haikuanza jana. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya umma mtaa wa Hamamni, Mji Mkongwe, ambayo ilitumika hadi 1920. Wanawake walikuwa na saa zao na wanaume zao. Kuta zilimsitiri mwogaji. Ufuoni hakuna kuta, ndipo leso ikafanya kazi hiyo.

Mzee wa Rowlandson hana jina. Picha ya simu, ndugu msomaji, ina uso wa mama wa mtu, na itafika Kiembeni kabla yeye hajapanda matatu kurudi nyumbani. Ukitaka kukejeli, kejeli ulafi na majivuno. Leso ya mwenzio iache ikauke kwa amani, kwani nyani haoni kundule.