"Masanga": Gitaa la Katanga lililoshinda likiwa kwenye sahani

"Masanga" ni kipande cha gitaa kavu kilichorekodiwa mwaka 1952 mjini Jadotville, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji; mji huo leo unaitwa Likasi, nao uko kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Mpigaji alikuwa Mwenda Jean Bosco, kijana wa miaka 22 hivi kutoka Bunkeya, mji wa Wayeke na wa mfalme wao Msiri. Kipande hicho kilipata zawadi ya kwanza ya Osborn, iliyotolewa na African Music Society, chama chenye makao Afrika Kusini, kwa rekodi bora za muziki wa Kiafrika.

Katika mashindano mengi ya nyimbo ya kimataifa, nchi huteua msanii wake, humvisha bendera na kumpandisha ndege. Kongo ya Wabelgiji haikumteua mtu. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka na mitambo yake ya kurekodi kusini na katikati ya Afrika, alimkuta Mwenda akipiga gitaa barabarani. Kilichosafiri kwenda kushindana ni sauti tu. Tracey huyohuyo alikuwa katibu wa chama kilichotoa zawadi, jambo ambalo leo lingezua maneno, ingawa ni vigumu kusikiliza rekodi yenyewe na kusema waamuzi walipotoka.

Mwenda alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia. Gumba lilishika nyuzi za besi, kidole cha shahada kikatembeza sauti za juu, na mistari hiyo miwili ikapishana hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Ufundi huo uliwasumbua wataalamu. David Rycroft, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, aliuandika kwa nota na kuuchambua katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mazingira yake yalikuwa miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi katika kambi zake, na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Mwenda aliimba pia kwa lugha nyingine za Katanga, lakini nyimbo zake za Kiswahili ndizo zilizovuka mipaka kirahisi. Sahani za santuri za Gallotone zilimfikisha Afrika Mashariki kabla yeye mwenyewe hajafika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako alisikika redioni na katika matangazo ya dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alipata jina huko, na vijana wengi wa Kenya walijifunza gitaa la vidole kwa kuzisikiliza sahani za Wakatanga hawa.

Zawadi haikumtajirisha. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi, akafanya kazi nyingine za kujipatia riziki, na akaongoza bendi ya Super Shaba. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Baadaye, akitumia jina la Mwenda wa Bayeke, alizuru Ulaya, na mwaka 1988 akarekodi albamu mjini Cape Town. Alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Albamu hiyo ilitolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani mwaka 1994.