Bunia na biashara ya kulala garini

Katika biashara ya magari ya kulala, mandhari ni ya bure. Mtu anayekodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, jiko na tangi la maji, halipii milima. Analipia usiku: ua wa kuegesha gari, maji, choo, mlinzi, na uhakika kwamba asubuhi ataamka na magurudumu yote manne. Kampala kuna kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo. Nairobi, wasafiri wa masafa marefu wamekuwa wakikutana Jungle Junction kutengeneza magari na kuulizana habari za njia. Hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, usiku wa namna hiyo hauna muuzaji.

Si kwamba hatuna cha kutazama. Bunia iko mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya Kasenyi, asubuhi moja inatosha kukuteremsha hadi Ziwa Albert, lililo kwenye mita 620 hivi, na nyuma yako milima ile ambayo Samuel Baker aliiona kutoka ng'ambo mwaka 1864 akaiita ya buluu. Upande wa magharibi, baada ya Komanda, kuna mapango na maporomoko ya Mlima Hoyo, kisha msitu wa Mambasa hadi Epulu, kwa okapi.

Na njia hiyo iliwahi kuuzwa. Miaka ya 1970 na 1980, kampuni za Uingereza kama Encounter Overland na Guerba zilipeleka vijana wa Ulaya kutoka London hadi Nairobi kwa malori, mengi yakiwa Bedford ya zamani. Walivuka Sahara, wakaingia Zaire, wakapita Kisangani, Epulu na Mlima Hoyo, kisha wakateremka Beni. Lori likizama kwenye matope, abiria walilisukuma, tena kwa pesa yao! Njiani walinunua ndizi, mananasi na mkaa, na usiku walipiga mahema kando ya mto. Vita vya 1996 vilikata njia hiyo. Hifadhi ya Okapi iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka huohuo wa 1996, lakini kituo chake cha Epulu kilishambuliwa Juni 2012. Watu waliuawa, pamoja na okapi waliokuwa wakifugwa pale. Wenye kampuni walishapanga njia nyingine, na mteja akizoea njia nyingine harudishwi kwa picha ya mnyama.

Leo anayepanga safari ndefu huanza na karatasi kabla ya ramani. Anahitaji kitabu cha dhamana ya forodha, kinachoihakikishia serikali kwamba gari litatoka nchini na halitauzwa. Kukipata, huweka dhamana ya fedha ambayo kwa gari zuri si ndogo. Anahitaji kadi ya manjano ya COMESA kwa bima ya gari. Viza moja ya dola 100 inampitisha Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ila viza hiyo haifiki kwetu. Mpakani atapita DGM (uhamiaji), DGDA (forodha) na watu wa afya, na mbele yake kuna peaji, yaani ushuru wa barabara. Malipo yakijulikana mapema, huyaingiza kwenye hesabu yake. Asiyoyajua ndiyo yanayomfanya ageuze gari.

Kikwazo kikubwa zaidi ni bima ya msafiri mwenyewe. Tangu Mei 2021 jimbo letu la Ituri liko chini ya hali ya kuzingirwa na linatawaliwa na wanajeshi. Uingereza na Marekani zinawaambia raia wao wasije huku, na kampuni nyingi za bima hukataa kumlipa aliyekwenda mahali alipokatazwa. Hapo hata mwenye moyo wa chuma hubaki na swali: nikivunjika mguu Djugu, ni nani atakayelipa ndege?

Wanaolala garini Ituri wapo, ila si watalii. Ni madereva wa Fuso na matrela wanaoleta saruji, mafuta na vyakula kutoka upande wa Uganda. Dereva analala kabini, wasaidizi wake wanalala chini ya turubai. Ikifika jioni wanatafuta parkingi yenye ukuta na kumlipa mlinzi. Hilo ni soko la usiku tayari, lenye wateja wasiohitaji tangazo wala viza.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza ya Bunia katika biashara hii iko garaje, kabla ya barabara. Mafundi wa kuchomelea wanaounda bodi za malori wanaweza kuunda kitanda cha chuma chenye masanduku chini yake. Paneli za sola na betri zinauzwa mjini kwa sababu umeme wetu unajulikana. Kazi inataka umakini mahali pachache. Betri ya friji lazima itengwe na ile ya kuwashia injini, la sivyo asubuhi mtasukuma. Hema la paani lina uzito wa kilo 50 au 60 kabla mtu hajapanda. Land Cruiser za zamani zina mfereji wa mvua pembeni mwa paa, na keria hubanwa hapo. Kwenye gari lisilo na mfereji, keria isiyofungwa vizuri itaanza kulegea kabla ya kumaliza mashimo ya kilomita 75 za kwenda Komanda.

Gari likikamilika, safari inayofikirika ni ya Mahagi, karibu na mpaka wa Uganda, siku ambayo habari za barabara ni nzuri, kwa kuondoka alfajiri. Goli, ng'ambo ya mpaka, saa inaruka mbele moja na gari linahamia upande wa kushoto. Aliyechelewa Bunia amechelewa mara mbili. Kutoka hapo njia inakwenda Nebbi na Pakwach, kwenye lango la hifadhi ya Murchison. Malipo ya usiku wa kwanza yatakuwa kwa shilingi za Uganda, mpaka mwenye parkingi mmoja wa Mahagi aongeze bafu kwenye ua ambao madereva wa malori wanaulipia tayari.