Aiskrimu Inayofuka Moshi

Jua la Busia halihitaji kusimuliwa. Mchana wa Februari, mwenye sanduku la aiskrimu akipita, watoto humfuata kama vifaranga. Kule Malaba nako, madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Uganda hutafuta soda ya baridi kwa udi na uvumba. Sisi watu wa mpakani tunajua thamani ya baridi. Ndiyo sababu nataka niwaeleze kuhusu aiskrimu ya ajabu ambayo haigandishwi kwa friji wala kwa barafu, bali kwa hewa iliyogeuzwa kuwa kiowevu.

Ati hewa ya kumiminwa? Naam! Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78. Gesi hiyo ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sufuri, huwa kiowevu kinachong'aa kama maji. Wanasayansi Wróblewski na Olszewski walifaulu kufanya hivyo mjini Kraków mwaka wa 1883. Mwaka wa 1901 mpishi mashuhuri wa Uingereza, Agnes Marshall, aliandika kwamba hewa ya namna hiyo ingeweza kugandisha aiskrimu mezani, mbele ya wageni wenyewe. Leo iko migahawa inayofanya kazi hiyo hasa. Mmoja ulifunguliwa Camden, London, mwaka wa 2010.

Ukiingia katika mgahawa wa aina hii, utamwona mpishi amevaa miwani na glavu. Anatia maziwa, malai na sukari katika mashine ya kukoroga, halafu anamimina naitrojeni polepole. Mara moshi mweupe unatanda na kushuka hadi sakafuni. Wengine wataapa ni uchawi, lakini wapi! Naitrojeni yenyewe haina rangi. Ule mweupe ni mvuke wa maji uliokuwa hewani, umepigwa na baridi ukawa ukungu, kama ukungu wa alfajiri. Baada ya dakika chache tu, aiskrimu iko tayari.

Sasa faida yake ni nini, kama si mbwembwe? Siri iko katika kasi. Maziwa yakiganda polepole, maji yaliyomo hupata nafasi ya kujenga chembe kubwa za barafu, na ulimi huzihisi kama mchanga. Yakiganda upesi, chembe huwa ndogo sana na aiskrimu huwa laini. Jambo hili utalithibitisha hapa hapa nyumbani. Stima ikipotea, aiskrimu ikayeyuka, kisha stima ikarudi, ile aiskrimu huganda tena lakini huwa inakwaruza mdomoni. Sukari ni ile ile na maziwa ni yale yale. Kilichobadilika ni chembe za barafu.

Tena usidhani naitrojeni hii ni mambo ya Ulaya tu. Wale wanaopandisha ng'ombe kwa mrija huja bomani na mtungi wa chuma, mara nyingi juu ya pikipiki. Ndani yake mbegu za fahali hutunzwa katika naitrojeni ile ile. Nchini Kenya, kituo cha kazi hiyo kilianzishwa Kabete mwaka wa 1946. Kwa hiyo kiowevu kinachogandisha aiskrimu ya London huenda kimewahi kupita mbele ya lango la shule yako, nyuma ya boda boda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani.

Lakini tahadhari! Umewahi kujiuliza kwa nini kifuniko cha mtungi ule hakikazwi? Lita moja ya naitrojeni, ikirudi kuwa gesi, hujaza karibu lita 700. Ukiifungia kabisa, chombo kitapasuka. Ikimwagika katika chumba kisicho na madirisha, itaisukuma oksijeni nje na mtu atazimia kabla hajajua kuna nini. Ikikaa kwenye ngozi, huunguza kama moto. Mwaka wa 2012, mjini Lancaster, Uingereza, msichana wa miaka 18 alikunywa kinywaji kilichotiwa naitrojeni, na madaktari wakalazimika kuliondoa tumbo lake la chakula. Kwa hiyo aiskrimu ikiwa bado inafuka moshi, usiile. Ngoja moshi uishe wote. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Labda utasema, "Sisi hatuna naitrojeni, tutafanyaje?" Jibu ni chumvi. Chukua barafu iliyopondwa, kama ile ya wachuuzi wa samaki wa Sio Port, uichanganye na chumvi, mafungu matatu kwa moja. Baridi yake inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sufuri. Weka maziwa yenye sukari katika kopo safi lenye kifuniko, lizamishe humo, ulizungushe bila kuchoka. Barafu na chumvi visiguse maziwa.

Na jamani, elimu ya aiskrimu ina shujaa wake Afrika Mashariki. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika friji kwa sababu aliogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya maziwa baridi ya mwenzake! Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Dakta Denis Osborne, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka wa 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao, na mpaka leo wanasayansi hubishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: kumcheka anayeuliza ndio ujinga wenyewe. Mwenzako akiinua mkono darasani na swali la ajabu, mwache aulize. Nanyi walimu wetu wapendwa, tusaidieni kupima.