Doa la Manjano Juu ya Kochi

Miongoni mwa mawaa yote yawezayo kulipata kochi, lile la mchuzi wenye manjano naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Kwani nguo ikiingia doa huvuliwa, ikatiwa majini, ikafuliwa na kusuuzwa hata maji yakatoka meupe, ilhali kitambaa cha kochi kimegongomewa juu ya mbao, chini yake pana sponji nene, na maji yakishaingia humo hayana pa kutokea ila kwa njia ileile yaliyoingilia.

Rangi hiyo asili yake ni dutu iitwayo kurkumini, ambayo tabia yake ni kuyakimbia maji na kuambatana na mafuta. Mpishi anayetia manjano katika samli ya moto hulijua jambo hili kwa mkono wake, hata kama hajapata kulisikia jina la dutu yenyewe; na kwa sababu hiyohiyo kitambaa kilicholoweshwa maji matupu huondoa chumvi na nyanya za mchuzi, rangi ikabaki palepale, tena aghalabu ikaenea.

Hapo ndipo inapohitajiwa sabuni, ambayo kila chembe yake ina ncha mbili, moja yapenda maji na ya pili yapenda mafuta. Hii ya pili hujichoma ndani ya tone la mafuta, ile ya kwanza ikasalia nje, hata tone zima likazungukwa na kuchukuliwa na maji pamoja na rangi iliyomo. Lakini sabuni ya kufulia, kadhalika magadi, ni alikali, na kurkumini ikikutana na alikali hugeuka nyekundu, mwenye kochi akafadhaika akidhani ameliharibu. Hajaliharibu: siki kidogo iliyozimuliwa kwa maji huirejesha rangi katika manjano yake, kazi ikaendelea. Afadhali tangu mwanzo kutumia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Namna ya kufanya ina uzito sawa na dawa. Mchuzi na ukwanguliwe kwa kijiko kutoka ukingoni kuelekea kati, kisha doa libonyezwe kwa kitambaa cheupe kikavu, wala lisisuguliwe, maana kusugua huzisukuma chembe ndani ya nyuzi na kuchakaza mahameli. Povu litiwe kidogo kidogo, baada ya kujaribiwa mahali pasipoonekana. Anayemwaga maji mengi huona doa limetoka, na kesho yake limerudi. Kwa kuwa maji yakikauka juu, yaliyo chini hupanda kwenye nyuzi kama mafuta katika utambi wa kandili, yakiichukua rangi iliyojificha katika sponji. Tena sponji ikikaa mbichi siku mbili huota ukungu.

Wekundu au umanjano utakaosalia, jua lina uwezo nao, kwani nuru huivunja kurkumini. Mto unaovulika na uanikwe, ila uangaliwe, maana jua hupausha pia rangi ya kitambaa chenyewe.

Nawasihi wasomaji jambo moja: siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza macho, koo na mapafu.