Sauti Inapokwama: Tupime Dawa Kabla ya Kuzitumia

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na leo tunazungumza juu ya sauti.

Kuna mama mmoja, muuza maziwa, aliyenijia akishika koo. Akianza neno, sauti inabanwa na kukatika katikati kama ya mtu anayekabwa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Nilimpa dawa ya kuua vijidudu. Akarudi, nikampa nyingine. Mara ya tatu akaniambia, "Sista, nikimwimbia mtoto alale, sauti inatoka vizuri. Nikipokea simu ya mteja, inakataa. Nyumbani wanasema najifanya." Hapo nikatambua kwamba mimi ndiye niliyekosea. Dawa zile hazikuwa za ugonjwa wake.

Je, ni ugonjwa gani huu?

Madaktari huuita disfonia spasmodiki. Ndani ya koo tuna nyuzi mbili za sauti, na ubongo ndio unaoziamuru zikaribiane tunaposema. Katika ugonjwa huu amri ya ubongo huenda vibaya, na misuli ya nyuzi hizo hujikaza bila mtu kutaka. Kwa wengi nyuzi hubana mno, sauti ikakatika. Kwa wachache huachana, sauti ikatoka kama pumzi tupu. Mara nyingi kucheka, kulia na kuimba hubaki kuzuri, na ndiyo maana watu hudhani mgonjwa anaigiza.

Mama, ugonjwa huu hauambukizi. Si jini, si jicho baya, wala si ukaidi. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza katika umri wa makamo. Hata wakubwa huupata: Robert F. Kennedy Jr., aliyeapishwa kuwa Waziri wa Afya wa Marekani mwaka 2025, anao.

Kabla ya dawa, koo liangaliwe

Sauti ikiharibika zaidi ya wiki 3, usinunue dawa dukani. Inaweza kuwa uvimbe, kifua kikuu au hata saratani. Anzia kituo cha afya, uombe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, ili azitazame nyuzi zenyewe kwa kioo au kamera ndogo. Mtu anayepumua kwa shida, anayeshindwa kumeza au anayekohoa damu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye sauti ya kukwaruza na pumzi yenye kelele pia asingojeshwe.

Dawa zilizopo

Nitasema ukweli: hakuna dawa inayoumaliza ugonjwa huu kabisa. Zilizopo hupunguza usumbufu, na kila moja ina bei yake mwilini.

Kwanza ni vidonge. Daktari anaweza kujaribu klonazepamu, baklofeni au benzheksoli, na propranololi ikiwa sauti inatetemeka. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuvimeza nyumbani. Ubaya wake ni kwamba huwasaidia baadhi tu ya wagonjwa, na kwa kawaida msaada wenyewe ni mdogo. Klonazepamu na baklofeni huleta usingizi na ulegevu, na mwili unaweza kuizoea klonazepamu. Benzheksoli hukausha mdomo, hufunga choo na huweza kuleta usahaulifu. Mwenye pumu asimeze propranololi. Tena usiache vidonge hivi ghafla, hata ukijisikia vizuri. Kuacha baklofeni au klonazepamu kwa ghafla kunaweza kuleta degedege.

Pili ni sindano ya sumu ya botulinamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Botox. Usishtuke kusikia sumu, kwani kipimo chake ni kidogo sana. Daktari Andrew Blitzer wa New York alianza kuitumia kwa ugonjwa huu mwaka 1984, na hadi leo ndiyo tiba inayotegemewa zaidi. Hudungwa kwenye misuli ya nyuzi za sauti na kuilegeza. Wiki 1 au 2 za mwanzo sauti huweza kuwa hafifu na maji huweza kumpalia mtu, hivyo anywe polepole. Kisha sauti hufunguka kwa takriban miezi 3 au 4, halafu sindano hurudiwa. Inataka daktari bingwa, kwa hiyo piga simu hospitali kwanza uulize kama ipo, usije ukapanda gari hadi Isiolo au Nairobi bure.

Tatu ni kutotumia dawa kwa sasa. Mazoezi ya sauti na mtaalamu, kunywa maji na kupunguza kupiga kelele huwapa wengine nafuu. Huu nao ni uamuzi halali.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Dawa hii itanisaidia kiasi gani, na baada ya muda gani tutajua?
2. Madhara yake ni yapi, na nikiyaona nifanye nini?
3. Nina mimba au ninanyonyesha, je, mtoto yuko salama? Klonazepamu hupita kwenye maziwa ya mama na huweza kumlegeza mtoto.
4. Gharama yote kwa mwaka ni ngapi, pamoja na nauli? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia nini?

Mwambie pia dawa zote unazotumia, hata za miti shamba.

Yule mama wa maziwa alitazamwa koo, ugonjwa ukajulikana. Alikuwa bado ananyonyesha, kwa hiyo aliamua kuanza na mazoezi na kuacha sindano hadi mtoto aache ziwa. Mumewe aliyasikia hayo kwa masikio yake mwenyewe kliniki, na siku hizi yeye ndiye anayewapigia wateja simu. Sauti bado hukatika, lakini neno la kujifanya halitajwi tena nyumbani.

Kumbuka
- Sauti mbovu zaidi ya wiki 3: koo liangaliwe.
- Usianze dawa kwa ushauri wa jirani, wala usiiache ghafla.
- Mgonjwa apewe muda amalize neno lake. Usimmalizie.

Swali la kikundi: Je, katika kijiji chetu kuna mtu tuliyemcheka kwa sababu ya sauti yake? Tutamsaidiaje afike kliniki?