Mzee Ojwang' alituchekesha na nini?

Sisi tuliokulia Pwani mwishoni mwa miaka ya 1980 twaikumbuka Vitimbi. Stesheni ya televisheni ilikuwa moja tu, ya serikali, hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990. Asiye na televisheni alikwenda kwa jirani, akakaa mkekani na watoto wa watu.

Mzee Ojwang' alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, nasi Waswahili tukivunjika mbavu. Wengi hawakujua kuwa jina lake ni Benson Wanjau, naye ni Mkikuyu. Lafudhi ile haikuwa yake. Aliisoma, akaivaa kama kanzu.

Lakini lafudhi peke yake haichekeshi miaka yote hiyo. Tulimcheka mume mwenye makuu, aliyebanwa na mkewe Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Mume huyo yuko kila mtaa, hata Mji wa Kale.

Mzee alifariki Julai 2015. Leo vijana wetu warekodi vichekesho kwa simu, wamuige Mmijikenda au Msomali, basi. Wanangu, huko ni kudhihaki watu. Tafuteni kwanza tabia ya mtu, lafudhi ije nyuma.