Kwa Nini Watu Walimfuata Garvey?

Tukiona umati unamfuata kiongozi fulani, twauliza haraka: amewadanganya na nini? Afadhali tuulize kwanza: walikuwa wamekosa nini?

Tumtazame Marcus Garvey, mzaliwa wa Jamaika. Alianzisha chama cha UNIA mwaka wa 1914, na mwaka wa 1916 akaenda Marekani. Wakati huo watu weusi walikuwa wakihama mashamba ya kusini kutafuta kazi miji ya kaskazini. Huko walipata kazi za chini na nyumba mbovu za kodi kubwa. Askari weusi waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza walitarajia heshima. Kumbe! Mwaka wa 1919 weusi walishambuliwa na kuuawa katika miji mingi.

Garvey aliwaambia: mtu mweusi si duni, tujitegemee. Wala hakuishia kwa maneno. Chama kilifungua maduka, mikahawa na mahali pa kufulia nguo. Kilikuwa na wauguzi wake. Mtu aliyeshinda akifagia sakafu za wengine, siku ya gwaride alivaa sare na kupita barabara za Harlem kichwa juu. Je, nani mwingine alikuwa amempa nafasi hiyo?

Hata hapa Kenya habari zilifika. Jomo Kenyatta alimsimulia mwandishi C.L.R. James kwamba mwaka wa 1921 watu wasiojua kusoma walimzunguka aliyejua, wakasikiliza gazeti la Garvey mara mbili tatu, kisha wakaenda kuwaeleza wengine.

Lakini tuseme ukweli wote. Chama kiliuza hisa za kampuni ya meli, kila moja dola 5. Meli zilinunuliwa kuukuu kwa bei ya juu, hesabu zikavurugika, na mwaka wa 1922 kazi ikasimama. Akiba za maskini zikapotea. Garvey alihukumiwa mwaka wa 1923 kwa udanganyifu kupitia posta, na mwaka wa 1927 akafukuzwa Marekani. Hata hivyo, wengi hawakumwacha. Pesa zilikwenda, lakini ile heshima ilibaki.

Sisi wa vikundi vya maendeleo tuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, mtu aliyedharauliwa hatafuti mkate peke yake; anatafuta pia mahali pa kuitwa kwa jina lake. Tusipompa, atamfuata atakayempa, awe mwema au mbaya. Pili, heshima ya watu hailindwi kwa hotuba tamu tu. Daftari la hesabu liwekwe wazi mbele ya wanachama wote.